Kandanda Yavunja Ujirani wa Gofu Vyuoni Marekani

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Leo, msomaji mpenzi, nakuomba twende tukautazame msemo huo mahali ambapo nyasi zenyewe hutunzwa kama mboni ya jicho, yaani katika viwanja vya gofu ambako vyuo vikuu vya Marekani hushindana.

Tembo ninayemtaja ni kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mchezo huo waweza kujaza watu laki moja katika uwanja wa chuo kimoja, na makampuni ya televisheni huugombania kama dhahabu. Tangu mwaka 2021 vyuo vikubwa vimekuwa vikitangaza kuhama kutoka jumuiya moja ya michezo na kuingia nyingine, vikifuata fedha za mchezo huo. Na chuo kikihama huhama na mizigo yote: wakimbiaji, waogeleaji, na hata wale vijana wa gofu ambao hawajapata kuivaa ile kofia ngumu.

Nimeyafuatilia mambo haya kwa sababu mbili. Kwanza, naupenda mchezo wa gofu. Pili, jumuiya iliyoumia kuliko zote ni ile ambayo sisi Wakenya tuliwahi kuishangilia, ingawa wengi wetu hatukulijua jina lake.

JUMUIYA YA PASIFIKI

Huko Marekani chuo hakishindani kivyake. Vyuo vilivyo jirani huungana vikaunda jumuiya, vikapangiana mashindano, vikatoa bingwa wao na kugawana mapato. Chimbuko la jumuiya iliyokuja kuitwa Pac-12 ni mkutano wa vyuo vinne uliofanyika mjini Portland, jimbo la Oregon, Desemba 1915. "Pac" ni ufupisho wa Pasifiki, kwa maana wanachama wake walikuwa ni watu wa pwani ile ya magharibi na majimbo yaliyo karibu nayo.

Katika mwaka 1978 kijana wetu Henry Rono, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Ile ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, California, na ile ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 akaivunja Seattle. Miji yote miwili ni ya vyuo vya jumuiya hiyohiyo. Rono alifariki Nairobi Februari 2024, na katika mwaka huohuo jumuiya aliyoitumikia ikabaki gofu.

Kuvunjika kwenyewe kulikwenda hivi. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, UCLA na Southern California, vilitangaza kwamba vitahamia Big Ten, yaani "Kumi Kubwa", jumuiya ya majimbo ya kaskazini na kati. Julai 2023 Colorado ikaaga na kurudi Big 12. Agosti 2023 Oregon na Washington zikafuata njia ya Big Ten; Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12. Mwanzoni mwa Septemba, Stanford na California zikapokewa na Jumuiya ya Pwani ya Atlantiki. Ilipofika Agosti 2024, katika nyumba iliyokuwa na watu kumi na wawili, walibaki wawili: Oregon State na Washington State, chuo cha Rono.

Wawili hao walikwenda mahakamani ili wapewe usimamizi wa mali iliyobaki, na wakashinda. Sisi tulioiona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977, reli ikikatwa vipande na ndege zikigombaniwa, habari za namna hiyo si ngeni masikioni mwetu.

Majina nayo yamekuwa kichekesho. Kumi Kubwa sasa ina wanachama kumi na wanane. Big 12 ina kumi na sita. Na Stanford, ambako upepo wa Pasifiki unafika, ni mwanachama wa Pwani ya Atlantiki.

GOFU ILIYOPOTEZA NYUMBA

Huenda msomaji akauliza: gofu imeumiaje? Jibu langu naliweka katika gofu ya wanawake, kwa sababu hapo ndipo hasara inapoonekana wazi.

Tangu mwaka 2015 ubingwa wa taifa wa vyuo kwa wanawake huamuliwa kwa timu nane bora kukutana ana kwa ana mpaka ibaki moja. Kati ya 2015 na 2024 mashindano hayo yalifanyika mara tisa, maana mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Katika mara hizo tisa, jumuiya ya Pasifiki ilitwaa kikombe mara sita: Stanford 2015, Washington 2016, Arizona State 2017, Arizona 2018, kisha Stanford tena 2022 na 2024. Mara tatu fainali ilikuwa ya ndugu kwa ndugu. Washington iliishinda Stanford, Stanford ikaishinda Oregon, na mwisho kabisa, Mei 2024, Stanford ikaishinda UCLA kwa pointi 3 kwa 2 katika uwanja wa La Costa, Carlsbad, California.

Hebu tafakari. Timu mbili za jumuiya moja zinacheza fainali ya nchi nzima, na baada ya miezi michache jumuiya hiyo haipo tena. Stanford imekwenda mashariki, UCLA imekwenda kaskazini. Hakuna aliyesema kwamba gofu yao ni mbovu. Gofu yao haikuulizwa.

Kwa upande wa wanaume mambo yamekwenda vivyo hivyo. Oklahoma na Oklahoma State ni vyuo vya jimbo moja, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa kilomita 130 hivi. Oklahoma State ina vikombe 12 vya taifa vya gofu ya wanaume, cha mwisho kikiwa cha mwaka 2025. Oklahoma ina viwili, vya 1989 na 2017. Kwa miongo mingi walikutana kila mwaka kuamua nani jogoo wa jumuiya yao. Julai 2024 Oklahoma pamoja na Texas zilihamia SEC, jumuiya ya kusini mashariki, na mkutano huo wa kila mwaka ukakoma. Wanaweza kukutana katika mashindano mengine, lakini kikombe cha jumuiya hawakigombanii tena pamoja.

LAKINI GOFU NI MCHEZO WA WASAFIRI

Ni haki niseme na upande wa pili. Gofu haikuumia sawasawa na michezo mingine. Timu ya mpira wa wavu ya UCLA yalazimika kusafiri tena na tena msimu mzima kuwafuata wapinzani wa jumuiya. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers, New Jersey, ni kilomita 3,900 hivi, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Lagos, na saa za huko zimetangulia kwa saa tatu.

Gofu haina ligi ya nyumbani na ugenini. Timu hualikwa mahali fulani pamoja na nyingine kumi au zaidi, kila moja ikipeleka wachezaji watano na kuhesabiwa alama za wanne waliofanya vizuri. Kwa muda mrefu vijana hawa wamekuwa wakiruka huku na huku kutafuta jua, hasa wale wa Minnesota na Wisconsin ambao viwanja vyao hufunikwa na theluji. Jumuiya huwahusu hasa wakati wa mashindano yake ya ubingwa, ambayo kwa kawaida huchezwa Aprili.

Na theluji si kisingizio cha kushindwa. Mwaka 2025, katika uwanja uleule wa La Costa, wasichana wa Northwestern kutoka kando ya Chicago waliishinda Stanford na kuchukua ubingwa wa taifa. Northwestern ni Kumi Kubwa wa asili.

TIKETI MOJA, WAGOMBEA WENGI

Mashindano hayo ya Aprili ndiyo hutoa tiketi. Bingwa wa jumuiya huingia moja kwa moja katika hatua ya mikoa ya mashindano ya taifa, ambako huenda timu 81 za wanaume na 72 za wanawake. Nafasi zinazobaki hugawiwa kwa kufuata ubora. Timu kubwa haiogopi, kwani itachaguliwa tu. Mnyonge ndiye anayeitegemea tiketi ile.

Oregon State na Washington State zilipobaki yatima, timu zao za gofu zilipewa hifadhi kuanzia 2024 na jumuiya ya West Coast, ambayo wanachama wake wengi ni vyuo vidogo vya kidini. Ukarimu ule ulikuwa na gharama yake: wageni wawili wakubwa wameketi kwenye sinia moja na wenyeji, na sinia lina mnofu mmoja. Wakati huohuo vyuo hivyo viwili vilitafuta wenzao wapya ili kuijenga upya Pac-12 kuanzia Julai 2026. Kwa hiyo katika muda wa miaka mitatu mchezaji mmoja angeweza kuwa chini ya bendera ya jumuiya mbili au tatu bila ya kuhama bweni.

Katika jumuiya hiyo ya West Coast kuna chuo kiitwacho Pepperdine, huko Malibu. Pepperdine iliacha kucheza kandanda ya Kimarekani mwaka 1961. Hata hivyo, mwaka 2021 vijana wake waliishinda Oklahoma katika fainali na kuwa mabingwa wa taifa wa gofu. Mimi huukumbuka ushindi huo kila ninapoambiwa kwamba bila kandanda gofu haiwezi kuishi.

FUNGU LA GOFU

Hata hivyo, fedha zina sauti. Mkataba wa televisheni uliotangazwa na Big Ten mwaka 2022 ulisemekana kuwa wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Ndiyo maana Stanford na California, zilipoona milango inafungwa, ziliripotiwa kukubali asilimia 30 tu ya fungu kamili la televisheni katika miaka yao ya mwanzo huko Atlantiki.

Kisha Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Zamani timu ya gofu ya wanaume iliruhusiwa kugawa misaada ya masomo minne na nusu tu, na ya wanawake sita. Sasa, kwa vyuo vilivyokubali utaratibu mpya, timu yaweza kuwa na wachezaji tisa na wote tisa wakasomeshwa bure. Neno ni "yaweza". Fungu kubwa la malipo mapya linatazamiwa kwenda kwa kandanda na mpira wa kikapu, na mwenye gofu atasubiri kuona kilichobaki chunguni.

Wako wazazi hapa kwetu wenye watoto wanaopiga gofu vizuri na kuota masomo ya Marekani. Kwao nasema: jina kubwa la jumuiya lisiwalevye. Mwulizeni kocha, kwa maandishi, mtoto atalipiwa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Ulizeni ni siku ngapi za darasa zitapotea safarini. Ulizeni chuo kikihama tena, au fedha za kandanda zikipungua, timu ya gofu ina ahadi gani. Na mkiona chuo kidogo kisicho na kandanda, msikidharau. Maswali hayo yaulizwe mapema, kwa kuwa mtoto akishapanda ndege yatakuwa yamechelewa.