Karatasi safi haitoshi: nani anachunguza wanaofanya kazi na watoto wetu?

Mtu anayetafuta kazi katika shirika la misaada huko Bunia, Beni ao Uvira anajua orodha ya karatasi kwa kichwa: barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya diploma, kopi ya karata ya uchaguzi, cheti cha mwenendo mwema kutoka komine na, mara nyingine, ile karatasi ya mahakama ambayo wengi wanaiita kwa Kifaransa casier judiciaire. Anatembea ofisi hadi ofisi, analipa franga hapa na pale, anapigiwa muhuri. Faili imekamilika.

Kuna jambo moja ambalo muhuri haulisemi: pale alipotoka, mtu huyu aliachaje kazi, na kwa nini?

Swali hilo linahusu mwalimu, mlezi wa kituo cha mayatima, muuguzi, dereva wa shirika, na kijana anayechezesha watoto katika kambi ya waliokimbia vita. Wala halihusu watoto peke yao. Linahusu pia wazee, walemavu, wagonjwa wa akili, na mama aliyekimbia kijiji chake anayengoja jina lake liandikwe kwenye listi ya chakula. Wote hao wako katika hali moja: mtu aliye mbele yao ameshika kitu wanachokihitaji, na kumkatalia ni vigumu.

Beni na Butembo hawajasahau

Tuanze na yaliyotokea kwetu. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika muda huo kazi zilimiminika Beni, Butembo, Mangina na kwingineko: kunawisha watu mikono, kupika, kufagia, kulinda lango, kuendesha magari. Zililipwa kwa dola, katika mji ambamo vijana wengi hawajawahi kupokea mshahara.

Tarehe 29 mwezi wa tisa 2020, The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walitoa uchunguzi wao. Wanawake 51 wa Beni walisimulia namna wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wa misaada walivyowataka kimwili ili wapate kazi ao wasifukuzwe. Wengi wao walitaja Shirika la Afya Duniani, OMS. Tume huru iliundwa, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Mkongomani mwenzetu Julienne Lusenge. Ripoti yake ya mwezi wa tisa 2021 ilihesabu watuhumiwa 83, wageni na wenyeji, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Tume ilisikia madai 9 ya ubakaji. Aliyekuwa mdogo kuliko wote kati ya waliodai kutendewa ubaya alikuwa na miaka 13. Mkubwa wa OMS, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba radhi mbele ya ulimwengu. Baadaye ilijulikana kwamba wanawake zaidi ya 100 walipewa dola 250 kila mmoja.

Ndani ya ripoti hiyo kuna sehemu ambayo haikuzungumziwa sana, nayo ni namna watu walivyoingia kazini. Wafanyakazi wengi wa hapa waliajiriwa bila tangazo na bila mashindano. Ugonjwa ulikuwa unaua, kila mtu alitaka mikono ya haraka. Wakubwa waliona kuuliza maswali kama kupoteza muda. Lakini yule anayeajiri bila kuulizwa na mtu ndiye huyo huyo anayeweza kuuza kazi kwa mwili wa binti, na hapo Beni ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini karatasi inatoka safi

Karatasi ya mahakama inaweza kusema jambo moja tu: kama mahakama ilimhukumu mtu. Haiwezi kusema yale ambayo hayakufika mahakamani. Na wakaaji wa mashariki wanajua ni mangapi hayafiki.

Mwalimu anampa mwanafunzi mimba. Jamaa mbili zinakaa chini ya mti, mbuzi zinahesabiwa, pesa kidogo inatolewa, pengine binti anaambiwa aolewe. Direkta wa shule anamwomba mwalimu aondoke kimya kimya ili jina la shule lisiharibike. Mwezi wa tisa unaofuata mwalimu anafundisha katika shule nyingine, kilomita 60 kutoka pale, na faili lake ni safi kama maji ya mvua.

Sheria haikubali mpango huo. Sheria za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ukatili wa kingono zinasema wazi kwamba kulipa faini ya mapatano hakufuti kesi ya namna hiyo. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamtolea anayembaka mtoto kifungo cha miaka 7 hadi 20, na kiwango cha chini kinaongezwa mara mbili kama mkosaji ni mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, kwa mfano mwalimu wake. Walioandika sheria walijua vizuri hatari inatoka wapi. Ila adhabu inakuja baada ya mtoto kuumia. Kumzuia mtu kabla hajafika darasani ni kazi nyingine, na kazi hiyo haina mwenyewe.

Hata aliyehukumiwa anaweza kupotea. Mwezi wa kumi 2020 gereza la Kangbayi, Beni, lilivamiwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, maelfu ya wafungwa walitoroka Munzenze, na wanawake waliokuwa wamefungwa humo walibakwa kabla ya moto kuwaua wengi wao. Waliotoroka wote hawakuwa wabakaji, hilo tulitambue. Lakini aliyekuwa na kesi ya mtoto yuko mahali fulani leo, pengine na karata ya uchaguzi yenye jina lililoandikwa kwa namna nyingine. Sisi tunabeba jina, postnom na prénom. Herufi moja ikibadilika, ao majina yakibadilishana nafasi, mtu amekuwa mtu mwingine.

Waingereza walijifunza kwa machozi

Usifikiri ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Mwezi wa nane 2002, katika mji mdogo wa Soham, Uingereza, wasichana 2 wa miaka 10 waliuawa. Muuaji, Ian Huntley, alikuwa mtunza majengo wa shule. Alipoomba kazi alitumia jina Nixon, la upande wa mama yake, na polisi walitafuta jina hilo peke yake. Huko Humberside alikokaa zamani, polisi walikuwa wamesikia malalamiko juu yake mara nyingi, ya ubakaji na ya kulala na wasichana wadogo. Hata moja halikufikia hukumu. Kwa hiyo, kwa upande wa mahakama, hakuwa na kosa la namna hiyo.

Uchunguzi wa Bichard wa mwaka 2004 ulieleza namna habari zilivyobaki kwenye droo za watu. Sheria mpya ilitoka 2006, na tangu mwezi wa kumi na mbili 2012 ofisi iitwayo DBS ndiyo inayofanya kazi hiyo. Inaweka listi 2 za watu waliozuiwa: moja ya wasioruhusiwa kufanya kazi na watoto, nyingine ya wasioruhusiwa kufanya kazi na watu wazima wasioweza kujilinda. Kuna pia wajibu ambao kwangu mimi ndio moyo wa mambo yote: anayemfukuza mfanyakazi kwa sababu amemdhuru mtoto, ao ambaye angemfukuza kama mtu huyo asingekimbia mapema, analazimika kuijulisha ofisi hiyo. Kumwacha aende zake kimya kimya ni kuvunja sheria.

Hapa kwetu direkta wa shule ya msingi hana listi kama hiyo ya kufungua. Anaangalia karatasi, na anamwangalia mtu usoni.

Mashirika yalianza kuulizana

Mashirika ya kimataifa nayo yaliamka kwa kuchelewa. Mwezi wa pili 2018 gazeti la The Times lilifichua kwamba wafanyakazi wa Oxfam huko Haiti, baada ya tetemeko la 2010, walikuwa wameleta makahaba katika nyumba ya shirika. Mkubwa wao aliruhusiwa kujiuzulu mwaka 2011, akapata kazi katika shirika lingine, Action contre la Faim, huko Bangladesh. Shirika hilo lilieleza kwamba liliuliza kabla ya kumchukua, na halikuonywa.

Kutokana na aibu hiyo, mwezi wa kwanza 2019 mashirika kadhaa yalianzisha mpango wa kuulizana. Ni rahisi kueleza. Kabla ya kumwajiri mtu, shirika linawaandikia waajiri wake wa miaka 5 iliyopita, mwenyewe akijua na akikubali, na kuuliza: alipokuwa kwenu, alionekana na kosa la kutumia watu kingono, kuwanyanyasa ao kuwasumbua? Alipewa adhabu gani? Kuna uchunguzi ambao haujaisha? Jibu linatoka kwa ofisi ya wafanyakazi, si kwa rafiki aliyeandikwa chini ya CV. Mamia ya waombaji wamekwisha kukataliwa kwa njia hiyo. Umoja wa Mataifa nao, tangu 2018, una daftari lake liitwalo ClearCheck, ili anayefukuzwa Bunia asiajiriwe na ofisi nyingine ya Umoja wa Mataifa pengine popote.

Bunia siitaji bure. Mwaka 2004 mji huo ulijulikana duniani kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakipewa chakula ao dola moja na askari wa MONUC. Kanuni iliyokataza kabisa kulala na mtu aliye chini ya miaka 18, ao kubadilisha msaada kwa ngono, ilikuwa imetoka mwezi wa kumi 2003. Leo kila shirika lina bango la PEAS ukutani na namba ya simu ya bure. Bango ni jambo jema. Lakini uchunguzi kwa kawaida unaishia kwa wenye kontrakti ndefu. Mfanyakazi wa kutwa, mlinzi wa kampuni ya nje, dereva wa gari la kukodi, reko anayetembea nyumba kwa nyumba: hao ndio wanaokutana na mtoto kwanza, na hao ndio wanaochukuliwa kwa simu moja ya jioni.

Shule ndiyo kubwa

Mashirika yana pesa na wafadhili wanaouliza. Shule haina. Tangu masomo ya msingi kuwa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na walimu wengi wanafundisha miaka bila kuingia kwenye listi ya mishahara ya serikali. Direkta anayepata mwalimu wa hesabu aliye tayari kufundisha bila kulipwa na serikali hatamuuliza mengi. Anayefukuzwa katika shule ya Wakatoliki anaweza kubisha kwa Waprotestanti, ao shule ya mtu binafsi, na faili lake likabaki kwa masista. Katika shule za sekondari na vyuo wanafunzi wana hata jina la mzaha, points sexuellement transmissibles, kwa alama zinazotolewa kwa njia hiyo. Watu wanacheka. Jambo lenye jina la mzaha ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Kungojea Kinshasa itengeneze daftari la taifa, wakati sehemu za Kivu hazimo hata mikononi mwake, ni kungojea sana. Lakini komite ya wazazi haihitaji ruhusa ya waziri ili kumuuliza direkta: mwalimu huyu mpya alifundisha wapi, nani alipigiwa simu huko, na alijibu nini? Wasimamizi wa shule za madhehebu mbalimbali wanakutana mara kwa mara juu ya mitihani na mishahara. Wanaweza kukubaliana kwamba hakuna mwalimu anayepokelewa bila barua ya alikotoka, yenye jibu la swali moja lililoandikwa wazi: aliondoka kwa sababu gani? Direkta atakayeandika uongo atakuwa ameweka sahihi yake chini ya uongo huo.

Wako wanaoogopa, na wana sababu. Katika mitaa yetu jina la mtu linaweza kuchafuliwa kwa sababu ya kiwanja, ya kabila ao ya wivu, na listi iliyojazwa kwa uvumi inaweza kugeuka silaha. Ndiyo maana mpango wa mashirika unauliza juu ya makosa yaliyochunguzwa na adhabu zilizotolewa, hauulizi watu wanasema nini sokoni. Anayetajwa vibaya lazima aelezwe na apewe nafasi ya kujibu. Hiyo inamlazimisha pia direkta kuandika uchunguzi wake siku tatizo linapotokea, badala ya kumpa mtu pesa ya pikipiki na kumtakia safari njema.

Kuna swali jingine ambalo halina gharama, nalo ni la mzazi kumuuliza mtoto mwenyewe jioni, sufuria ikiwa motoni: mwalimu wenu mpya yukoje? Anawaita nani kubaki nyuma, wengine wakienda nyumbani?