Baiskeli za matembezi: Karagwe ina njia, haina lango

KAYANGA, Karagwe

Baiskeli katika wilaya hii ni chombo cha kazi. Mikungu ya ndizi hufungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, gunia la kahawa hulazwa juu yake, na mwenye baiskeli huisukuma kwa mikono kila afikapo mlimani. Mtu mzima akionekana anaendesha bila mzigo wowote, huulizwa nyumbani kuna habari gani.

Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara wa Kayanga na Omurushaka hawajawahi kuhesabu baiskeli katika mambo ya starehe. Mtaji wa vijana umehamia kwenye pikipiki, na fundi baiskeli aliyekuwa na wateja kutwa nzima sasa huziba pancha za bodaboda. Lakini katika masoko ya utalii ya nchi nyingine, kitu kinachouzwa kwa fedha nzuri ni kile ambacho Karagwe imejaaliwa bila kukigharimia: njia ndefu ya kupita kwa baiskeli, katikati ya nyasi na miti, pasipo gari hata moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Uholanzi. Karibu na mji wa Arnhem ipo hifadhi ya Hoge Veluwe, yenye ukubwa wa hekta 5,400 hivi za misitu, michanga na mbuga za vichaka vifupi. Hifadhi hiyo si ya serikali bali ni ya taasisi binafsi, na kwa hiyo inalazimika kujitafutia fedha. Tangu mwaka 1974 imekuwa ikiwapa wageni wake baiskeli nyeupe bila malipo. Leo ziko kama 1,800, na njia za baiskeli zilizomo ndani zinazidi kilometa 40. Mgeni analipa langoni, anachukua baiskeli yoyote anayoikuta, anaiacha popote ndani ya hifadhi, na mwingine anaichukua. Msomaji wa Kayanga atauliza zinaibiwa ngapi. Jibu ni kwamba baiskeli haziruhusiwi kutoka nje ya lango, na lango ndilo lenye fedha. Baiskeli ni chambo tu.

Hapa Afrika Mashariki, Kenya iliona jambo hilo mapema. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ilitangazwa mwaka 1984 ikiwa na kilometa za mraba 68 tu. Kwa ukubwa huo isingeweza kushindana na Maasai Mara. Ikachagua kuruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, jambo ambalo hifadhi nyingi hazikubali. Wakazi wa pembeni wakapata kazi ya kukodisha baiskeli, na wanafunzi wa Nairobi wakapata mahali pa kwenda mwisho wa juma bila kukodi gari la kitalii.

Tanzania nayo ina Mto wa Mbu. Mji huo mdogo ulio chini ya bonde la ufa uliingia katika mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV. Wageni waliokuwa wakipita tu kwenda Ngorongoro walianza kusimama, wakapewa baiskeli na kijana wa kuwaongoza, wakazungushwa mashambani, wakanywa pombe ya ndizi na kula chakula kwa mama mwenye nyumba. Migomba ya Mto wa Mbu haiwezi kulinganishwa na ya Karagwe. Tofauti ni kwamba Mto wa Mbu uko njiani, na Kayanga haiko njiani kwa mtalii yeyote. Hilo ndilo tatizo la kwanza la soko hili, na halifai kufichwa.

Bidhaa yenyewe, hata hivyo, ipo. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zimekaa juu ya safu za milima inayozidi meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni ya baridi, na mtu anaweza kuendesha saa nne mchana bila kuunguzwa na jua. Vijiji vimejificha ndani ya migomba na mibuni, yaani kibanja. Ukitoka kwenye kibanja unaingia katika nyasi wazi zinazofunika migongo ya milima, ambazo mkoani Kagera huitwa rweya. Huko ndiko ng'ombe walikolishwa na nyasi za kuezekea na kutandaza mashambani zilikokatwa. Juu ya rweya hizo zimechorwa njia na miguu ya watu na kwato za mifugo, kijiji hadi kijiji, nyingine zikipita ndani ya misitu ya misonobari na mikaratusi iliyopandwa na watu binafsi, taasisi za dini na mashule.

Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene, yenye kilometa 59, imezisaidia njia hizo bila kukusudia. Malori ya kahawa, mabasi ya Bukoba na bodaboda yote yamekimbilia lami. Aliyebaki juu ya mlima ni mchungaji, mwanafunzi, na mama mwenye kuni.

Mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya eneo hili, zikapatikana Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Wengi walidhani kuwa sasa biashara itakuwa ndani ya hifadhi. Kwa upande wa baiskeli, mahesabu hayaelekei huko. Ndani ya hifadhi kuna wanyama wakubwa, kunahitajika askari na kibali, na ada ni ya serikali kuu. Faida ya hifadhi hizo kwa Kayanga ni jina. Mgeni atakuja kwa sababu ya hifadhi, kisha siku ya pili atatafuta la kufanya. Na si lazima atoke Arusha. Daraja la Murongo linaiunganisha Kyerwa na Uganda, ambako hifadhi ya Lake Mburo huruhusu wageni kuendesha baiskeli wakiongozwa na askari. Upande wa magharibi iko Rwanda, yenye njia ya Congo Nile ya kilometa 227 kando ya Ziwa Kivu, na ambayo Septemba 2025 iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mashindano ni kitu kimoja na matembezi ni kingine, lakini waendeshaji wa aina zote mbili husoma ramani ile ile.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa bei za kukadiria tu. Kijana ananunua baiskeli 10 za mtumba zenye gia, kwa kuwa Phoenix yenye gia moja haiufai mlima wa Karagwe. Tuseme kila moja inafika Kayanga kwa shilingi 300,000, jumla shilingi milioni 3. Tuhesabu majuma 12 ya kiangazi cha Juni hadi Agosti. Zikikodishwa zote siku mbili kila juma, kwa shilingi 15,000 kwa siku, zitaingiza shilingi 3,600,000. Toa mtaji, toa shilingi 600,000 za matairi, breki na cheni. Msimu wa kwanza kijana hajabaki na senti.

Lakini wapanda baiskeli hao 240 wamekula. Kila mmoja akilipa shilingi 10,000 kwa sahani ya ndizi na maharage, hizo ni shilingi 2,400,000 kwa akina mama wa vijijini. Wakienda watano watano na kiongozi mmoja anayelipwa shilingi 40,000, misafara 48 inatoa shilingi 1,920,000 nyingine. Jumla ni shilingi 4,320,000 nje ya baiskeli, kabla ya kuhesabu kitanda cha nyumba ya wageni. Kwa maneno mengine, anayekodisha baiskeli peke yake atafilisika huku akiwatajirisha jirani zake. Biashara hii inataka kikundi au ushirika, jambo ambalo wakulima wa kahawa wa wilaya hii wanalifahamu tangu chama chao kikuu, KDCU, kilipoanzishwa mwaka 1990.

Msimu wenyewe una mgongano. Miezi mikavu inayomfaa mgeni ndiyo miezi ya kuchuma na kuanika kahawa, na kijana ambaye angeongoza wageni anahitajika shambani kwa baba yake. Baadhi ya familia zitaona fedha ya mkononi, nyingine zitaona uvivu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ardhi. Rweya ilikuwa ya wote, na mali ya wote haina mlinzi. Bei ya mbao na nguzo imewafanya wenye uwezo kuomba vipande vya rweya na kupanda miti, jambo lisilo na ubaya, ila kila shamba jipya linapozungushiwa mpaka njia hukatwa, na anayepita hulazimika kuzunguka au kurudi barabarani kwenye malori. Kipande kimoja kikizibwa, njia ya kilometa 20 haiuziki tena kama njia ya kilometa 20. Huu ndio upungufu mkubwa wa Karagwe ukilinganishwa na Hoge Veluwe, si baiskeli wala mandhari.

Sheria ya kuzuia hilo ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakiwezesha kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika katika rejesta, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaweza kuonyesha njia ya mifugo na ya wapita kwa miguu kama unavyoonyesha shule na zahanati. Njia iliyoandikwa inaweza kuwekewa ushuru mdogo kwa mgeni, na fedha ikaingia kijijini. Njia isiyoandikwa ni ya yule atakayetangulia kupanda msonobari.

Kwa kuwa njia moja ya mlimani hupita katika vijiji vitatu au vinne, vyote vitalazimika kukubaliana, la sivyo wa katikati ndiye atakayeifunga. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Miche ya miti hupandwa mvua za vuli zinapoanza, Septemba.