Inspekteri wa kazi akifika, nani alimuita?

Wandugu, wengi kati yetu tutafanya staje ao kazi ndani ya ferme za Masisi, na siku moja mtu atatuuliza kile nilichoulizwa mimi upande wa Mushaki. Mchungaji alikuwa anapulizia ng'ombe dawa ya kupe bila kufunika mikono wala mdomo. Jioni kichwa kinamuuma, macho yanawaka. Akaniuliza: «Agronomu, nikimwambia inspekteri wa kazi, patro hatajua ni mimi?»

Nilinyamaza. Agronomia haikunifundisha ile. Nikaenda kusoma.

Kongo iliridhia mapatano namba 81 ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 1968. Kifungu cha 12 kinampa inspekteri nguvu: anaingia mahali pa kazi bila kutoa habari mbele, mchana ao usiku, anauliza mfanyakazi peke yake, anaomba registri, anachukua hata kidogo ya dawa inayotumiwa ili ipimwe, lakini patro ajulishwe.

Kifungu cha 15 njo kinamfunga. Siri za kazi ya patro azilinde hata akiisha kuacha kazi: ile namna yako ya kutengeneza fromaji haiendi kwa jirani. Na mwenye kulalamika ni siri kabisa. Hata kumwambia patro «nimekuja sababu kuna mtu amelalamika», imekatazwa.

Sawa. Lakini ferme ina wafanyakazi watatu tu, na mmoja njo anapulizia. Inspekteri akifika akauliza tu mambo ya dawa, patro hana haja ya jina. Kwa mimi, siri inalindwa na maswali kuliko kufunga mdomo: aulize wote watatu yale yale, mshahara, kontra, maji, mahali pa kulala, na dawa katikati, kisha apite kwa ferme ya jirani pia.

Nilipomuelezea mchungaji, alisikiliza mpaka mwisho, halafu: «Na huyo inspekteri ameshafika huku juu?» Mimi sijamuona hata siku moja.

Basi nikaenda kwa patro mwenyewe, nikamuonyesha etiketi ya bido: funika mikono, funika mdomo. Akaniangalia. «Nani amekutuma?» Nikamwambia ni mimi nimesoma. Buti na mifuko ya mikono vilinunuliwa juma lililofuata, vya wote watatu.