Je, Wajua? Kutoka Mashoka ya Kariandusi Hadi Sahihi ya Kidijitali

Je, wajua kwamba huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alivumbua mwaka 1928 eneo lenye mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa mawe tofauti? Mengine ni ya mawe ya kawaida ya volkano, mengine ya obsidia, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Jiwe si moja, umbo ni moja. Sahihi ya kidijitali nayo hudai umbo moja, hata programu zikiwa mbalimbali.

Je, wajua kwamba tangu 2020 sheria za Kenya zinakubali sahihi za kielektroniki hata kwenye hati za ardhi? Muuza shamba wa Gilgil na wakili wa Nakuru wanaweza kutumia programu tofauti, na ni lazima zielewane.

Je, wajua kwamba neno "Sawa" lina baiti 4, lakini ukilitoa kwa amri ya echo kwenye Linux huwa 5? Alama ya mstari mpya huongezwa kimyakimya mwishoni. Faili ya Windows yenye mstari huohuo huwa na 6. Jicho halioni kitu, ila SHA-256, kanuni inayofupisha hati kabla ya kutiwa sahihi, huona: muhtasari wake wa herufi 64 hubadilika kabisa, na sahihi hukataliwa. Mimi huhesabu baiti kabla ya kuulaumu ufunguo wa sahihi.

Je, wajua kwamba sahihi ya ECDSA ni namba mbili tu, r na s? Kwa mkunjo wa P-256, programu ya OpenSSL huzifunga kwa mtindo wa DER, kwa kawaida baiti 70 hadi 72. Web Crypto ya vivinjari huzipanga bega kwa bega, 32 na 32, jumla 64. Fungua kile kifungashio, jazia sifuri mbele ya namba iliyopungua, na sahihi itapita. Inauma kuona mtu akitupa ufunguo mzima kwa sababu ya kifungashio.

RSA je? Kwa mtindo wa PSS, hati moja ukiitia sahihi mara mbili kwa kawaida hupata sahihi mbili tofauti, zote halali.

Na wajua kwamba pasipoti za kielektroniki za Kenya, zilizoanza kutolewa 2017, zina sahihi ya kidijitali ndani ya chipu? Mpangilio wake hufuata waraka 9303 wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa hiyo mashine iliyo London huweza kuihakiki bila kujua ni programu gani iliyotumika Nairobi.