Je, Wajua? Tumbo, Bakteria na Chai ya Moto

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi mgonjwa wa vidonda vya tumbo aliambiwa aache pilipili, apunguze mawazo na anywe maziwa? Kumbe vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zile tunazonunua dukani na kumeza ovyo.

Kwamba bakteria huyo aliotea maabara wakati wa Pasaka? Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth, Australia, walikuwa wamejaribu mara nyingi bila mafanikio, kwa kuwa sahani za kuoteshea bakteria zilitupwa baada ya siku mbili. Aprili 1982 sikukuu iliingia, sahani zikabaki siku kadhaa, na watu waliporudi kazini wakamkuta ameota.

Kwamba Marshall alimnywa? Mwaka 1984 mabingwa wengi walikuwa bado wanambishia kwamba bakteria ndiye anayeleta vidonda. Akapimwa tumbo kwa kamera, likaonekana zima, kisha akanywa mchuzi wa maabara uliojaa bakteria. Siku chache baadaye alikuwa anatapika na pumzi yake inanuka. Siku ya 10 kamera ilirudi tumboni: ukuta umevimba, bakteria wamejaa. Yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Inaniuma kufikiri ni wagonjwa wangapi waliendelea kukatwa tumbo wakati dawa ya kuwaponya ilikuwepo.

Kwamba asidi ya tumbo haimuui? Ana kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hupoza asidi inayomzunguka. Kipimo cha kupuliza kinamnasa kwa tabia hiyohiyo: unakunywa urea yenye kaboni iliyowekewa alama, unapuliza, na alama ikitoka kwenye pumzi, yumo. Ila ukipima huku unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, jibu laweza kusema huna kitu naye yumo.

Kwamba mwaka 1994 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, ilimtaja rasmi kuwa chanzo cha saratani? Wengi walio naye hawaipati kamwe. Na ipo saratani ya tumbo, limfoma ya MALT, ambayo mara nyingi hunywea kwa viuavijasumu peke yake.

Kwamba Afrika Mashariki imo katika ukanda wa saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni? Hospitali ya Tenwek, Bomet, Kenya, imewaona wagonjwa wasiofika hata miaka 30. Chanzo hakijajulikana chote. Pombe na sigara zinahusika, na mwaka 2016 IARC ilisema vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinachangia. Chai tunayoinywa ikifuka moshi imo humo. Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Hapo hushushiwa bomba la wavu wa chuma linalotanua umio, nao wakaweza kumeza tena.