Ruzuku ya Nusu kwa Nusu: Hesabu Nusu Yako Kabla ya Kushangilia



Mimi nauza picha za kuchora na vikapu mtandaoni. Mzigo wangu mwingi unatoka kwenye jengo la kikundi cha wasanii. Humo ndimo wanachora, wanafanya maonyesho, na baadhi ya wateja wanafuata oda zao. Paa likivuja wakati wa masika, mimi sina cha kuposti. Mteja wa kiti cha magurudumu akikuta ngazi, oda yake anaipokelea barabarani kwenye vumbi. Kwa hiyo ukarabati wa majengo ya sanaa unatuhusu na sisi wauzaji.

Kikundi kilipoletewa habari za mfadhili wa "nusu kwa nusu", yaani weka shilingi nami niweke shilingi, watu walipiga makofi. Mimi nikaomba tusome kwanza wenye uzoefu wanafanyaje. Nikaanzia Marekani, maana huko utaratibu huu ni wa miaka mingi na masharti yake yanawekwa wazi.

WENZETU WANAFANYAJE

Jimbo la Massachusetts lina mfuko wa majengo ya utamaduni tangu 2006, unaoendeshwa na Mass Cultural Council pamoja na MassDevelopment. Makumbusho, kumbi za maigizo na vituo vya sanaa visivyo vya kibiashara vinaomba hela ya kujenga na kukarabati. Kwa ruzuku za ujenzi, kila dola inayotoka kwenye mfuko lazima ikutane na dola nyingine mliyoitafuta wenyewe. Vermont Arts Council nao wana ruzuku ya majengo yenye sharti hilohilo, na kazi za kumrahisishia mlemavu kuingia, kama njia ya mteremko au lifti, zimo.

Lakini angalia hapa. National Endowment for the Arts, shirika la serikali kuu lililoanzishwa 1965, nalo kwa kawaida linataka moja kwa moja, ila hela yake hairuhusiwi kujengea wala kukarabatia jengo. Ukiomba ya paa, umepoteza muda. Soma hela ni ya nini kabla ya kusoma ni kiasi gani.

Hata kwenye maafa hakuna bure kamili. Rais wa Marekani akitangaza maafa makubwa, FEMA hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kutengeneza majengo ya umma na ya mashirika kadhaa yasiyo ya faida, makumbusho yakiwemo. Kinachobaki kinatafutwa kwingine.

HESABU INAYOUMIZA

Tuchukue mfano. Paa ni shilingi milioni 6. Mfadhili milioni 3, nyinyi milioni 3. Mpaka hapo sawa. Sasa uliza swali moja: hela yake inakuja lini?

Wafadhili wengi wa aina hii hurudisha gharama baada ya kazi kuisha na risiti kuonekana. Maana yake fundi na duka la mabati wanataka milioni 6 nzima, na nyinyi mnazo 3. Hapo ndipo watu wanaingiza mtaji wa mzigo kwenye mabati, halafu mwezi mzima hawana cha kuuza. Na msipokamilisha nusu yenu, nusu ya mfadhili nayo haiji.

MAMBO YA KUFANYA

1. Uliza nusu yenu inahesabiwaje. Wafadhili wengine wanakubali nguvu kazi na vifaa mlivyochangiwa, wengine wanataka taslimu tu. Kama wanakubali, andika kila siku: nani kafanya kazi, saa ngapi, kwa thamani gani.

2. Omba malipo kwa awamu. Kazi ikigawanywa mara tatu, mnazungusha milioni 2 badala ya 6. Liandikwe kwenye mkataba.

3. Usianze kazi kabla ya kusaini. Mara nyingi gharama za nyuma hazirudishwi.

4. Ikiwa ni dharura, piga picha na video zenye tarehe kabla ya kugusa kitu. Zuia uharibifu usiendelee: funika kwa turubai, hamisha picha na vikapu, kata umeme palipolowa. Tunza risiti hata ya misumari.

5. Weka karatasi tayari leo: usajili wa kikundi, mkataba wa pango unaoruhusu ukarabati, makadirio ya mafundi watatu. Mwenye nyumba akikataa, hakuna ruzuku.

6. Tenga kidogo kila oda, kwenye namba tofauti na ya biashara. Shilingi 2,000 kwa oda inahitaji oda 1,500 kufikisha milioni 3. Nyingi, eeh? Ndiyo maana mnaanza kabla paa halijavuja.

MLANGO WA WATEJA WOTE

Marekani sheria ya haki za walemavu ya 1990 ina vipimo unavyoweza kumpa fundi wako hata hapa. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Kibaraza cha sentimita 50 kinataka mteremko wa mita 6. Ukiufupisha, umejenga mlima, mtu hapandi bila kusukumwa. Upana usipungue kama sentimita 91, na nafasi ya mlango kama sentimita 81.

Na ukishauweka, sema! Andika kwenye tangazo: "Kiti cha magurudumu kinaingia mpaka ndani." Mteja asipojua, hatakuja.

Kikundi chetu tumekubaliana tuombe kidogo: bati za upande wa stoo na njia ya mteremko, basi. Nusu yetu ya hapo tunaiona kwa macho. Ukumbi wote utasubiri.

Wewe na wenzako mkipewa barua ya ruzuku kesho, nusu yenu iko wapi? Kaeni kikao wiki hii mhesabu. Mtumie na mwenye kikundi mwenzako asome.