Kabla ya Kuvunja Vigae

Miksa kuukuu ya bafuni inapoanza kuvuja, nyundo hufika kabla ya uchunguzi. Vigae vinavunjwa, miksa inang'olewa, kisha inagundulika kuwa kilichochakaa ni kipande kinachoenea kiganjani.

Miksa ya mkono mmoja, ile inayofukiwa ukutani ukabaki mpini tu nje, ina mwili wa shaba ya njano unaounganisha mabomba ya maji ya moto na ya baridi. Ndani ya mwili huo mna katriji, yenye visahani viwili vya kauri vilivyolala kimoja juu ya kingine: kimoja kimetulia, kingine hufuata mpini. Matundu yao yakikutana, maji hupita, yakipishana, hukatika. Mpini ukizungushwa, njia ya maji ya moto hupanuka huku ya baridi ikibanwa. Punje ya mchanga au gaga la chokaa, ambalo maji ya visima vingi huacha, likikaa kati ya visahani, miksa haifungi tena.

Katriji hutolewa kwa mbele. Maji hufungwa, mpini huondolewa, nati inayoibana hulegezwa, wala hakuna kigae kinachoguswa. Mpya lazima ifanane na ya zamani. Zilizozoeleka zina kipenyo cha milimita 35 au 40, lakini matundu ya chini hutofautiana, hivyo ni vyema fundi aende dukani na ile aliyoitoa.

Mwili wenyewe hung'olewa ukiwa umepasuka, ukivuja kwenye maungio, au katriji yake ikiwa haiuzwi tena. Hata hapo, uangaliwe kwanza upande wa pili wa ukuta. Kama ni chumba cha kulala, ni afadhali kuvunja kutokea huko, kwa kuwa plasta yake huzibwa na kupakwa rangi bila shida. Upande wa bafuni, kigae cha zamani ni vigumu kukipata, na kizuia maji kilicho chini yake kikikatwa, unyevu huingia ukutani bila kuonekana.

Kosa linalouma zaidi hufanyika dukani. Maji yanayoshuka kutoka tangini hupata msukumo wa takriban baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Katika nyumba za Dar es Salaam au Nairobi zinazotegemea tangi la juu ya paa, maji yanaweza kuwa mita 2 tu juu ya bomba la mvua, yaani baa 0.2. Miksa nyingi za kisasa huhitaji baa 0.5 au zaidi. Ndiyo maana koki za zamani zilizomwaga maji vizuri hung'olewa, ikaja miksa ya gharama inayotoa uzi wa maji. Kiwango cha msukumo kisomwe kwenye maelezo yake kabla ya kulipa.

Mwili mpya una alama za kina: uso wa kigae, si wa tofali, uangukie kati ya alama hizo. Ukuta ubaki wazi hadi maungio yajaribiwe kwa maji ya baridi na ya moto, kwa sababu bomba hutanuka likipata joto, na ungio lililokuwa kavu huweza kuanza kuvuja. Palipovunjwa pawekwe mlango mdogo wa kukagulia badala ya plasta, na nyuma yake koki mbili za kufungia, moja ya moto na moja ya baridi.